Usimwondolee zimwi ubaya wake

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, na baba yako mguu unaendelea vizuri. Mchezo wa watoto ulioutunga kutoka hadithi ya zimwi na ngoma nimeusoma mara mbili, nyimbo nikaziimba jikoni. Ule wa mawimbi umenikaa kabisa.

Ila zimwi, mwanangu. Umemfanya mzee mpweke anayetafuta rafiki, na binti anaingia ngomani kwa hiari yake, kama anayepanda basi. Unasema unaogopa watoto wasije wakalia ukumbini. Hofu hiyo siipuuzi, nimelala nayo.

Lakini kumbuka bibi yako alivyotusimulia. Binti kasahau kombe lake juu ya jabali. Wenziwe wamekataa kurudi naye, jua linazama, naye anarudi peke yake akiimba ajipe moyo. Zimwi anamwambia: imba tena, sikusikia vizuri, hebu sogea. Anamtia ngomani, anazunguka naye mji kwa mji, akila wali wa watu kwa sauti ya mtoto wa watu. Wimbo ni uleule mara tatu: ufukweni, ugenini, kisha kwao, mama anapoitambua sauti ya mwanawe. Muziki wako umo humo tayari. Zimwi akiwa mwema, binti anaimba kwa uchungu gani mle ndani? Na mama ashtuke kwa nini?

Wajerumani nao walipita hapo. Adelheid Wette alitunga maneno ya opera ya Hänsel und Gretel, hadithi ya watoto wawili na mchawi wa msituni, kaka yake Engelbert Humperdinck akatia muziki. Kazi ilianza kama nyimbo za watoto kuimba nyumbani, ikapanda jukwaani Weimar tarehe 23 Desemba 1893. Katika hadithi yenyewe ya ndugu Grimm ya 1812, mama mzazi ndiye anayetaka watoto watupwe msituni kwa sababu ya njaa. Wette akamlainisha: mama amechoka, maziwa yamemwagika, anawatuma kwa hasira wakachume matunda. Tanuri la mchawi anayekula watoto hakuliondoa. Mchawi anasukumiwa mle mle, na watoto aliowageuza mikate ya tangawizi wanarudi kuwa watu. Familia zinaitazama hadi leo, hasa wakati wa Krismasi.

Kwako wewe, naona pa kulainisha ni mwisho. Wazazi wanapomtoa binti na kuijaza ngoma nyoka, siafu na nyuki, wewe nyoka na siafu waondoe, nyuki wanatosha. Zimwi afungue ngoma, watoto wote ukumbini wavume kama nyuki, naye akimbilie baharini moja kwa moja. Aliyekuwa akiogopa ndiye amfukuze. Na binti akiwa ngomani, taa usizime zote. Vidole vyake vionekane, watoto wajue yu hai.

Wimbo wa bibi yako nimeurekodi kwenye simu, nitakutumia leo jioni. Usikilize kabla ya mazoezi ya Jumamosi. Mahali nilipokaa kimya kirefu, ndipo bibi alipokuwa akipiga sinia mara tatu.

Mama yako