Kila leso ibaki na hesabu yake

Mhariri,

Nina kiduka cha leso Biashara Street, Mombasa, na huuza pia mtandaoni. Leso zangu za muundo mmoja zilikuwa na kurasa tatu: nyekundu, samawati na manjano. Wenye soko hilo la mtandaoni wakaziunganisha kuwa ukurasa mmoja bila kuniuliza. Picha ikabaki moja, ya nyekundu, na hesabu ikajumlishwa: doti (jozi za leso) 4, 9 na 2 zikawa 15 kwa rangi yoyote. Mama mmoja wa Likoni akalipia doti 5 za manjano, sare ya harusi ya bintiye. Kabatini zilikuwa 2. Nilimrudishia pesa, lakini harusi ilikuwa Ijumaa na mimi ndiye niliyemwangusha.

Tena leso si rangi tu. Pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, vikifanana, lakini jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, likawa jingine, hiyo ni leso nyingine kabisa. Nani atampelekea mkwewe fumbo asilolichagua?

Kuunganisha kwenyewe ni kuzuri, mteja huona rangi zote pamoja. Ila kila rangi na kila jina libaki na picha yake, namba yake, bei yake na hesabu yake. Na wenye soko watuulize kwanza, tufungue kabati tuhesabu.

Muuza leso,
Kibokoni, Mombasa