Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa VETA: Kiingereza cha mitamboni kifundishwe mitamboni

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kutoka Ngamiani, hapa Tanga, ambako kwa miaka kumi na tisa nimekuwa fundi mitambo wa redio, na kwa miaka sita ya karibuni nimekuwa pia mlezi wa vijana wanaokuja fildi kutoka vyuo mbalimbali. Nimeiandika barua hii hadharani kwa sababu ombi lililomo si langu peke yangu. Ni la mafundi, watangazaji, wapiga picha na wahariri wanaokutana na tatizo lilelile kila zamu, na ambao wengi wao huona haya kulisema.

Ombi lenyewe ni kwamba, katika mafunzo ya muda mfupi yanayotolewa na vyuo vya Mamlaka yako ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), Tanga ipatiwe kozi ya Kiingereza cha kazi za redio na televisheni, ifundishwe mbele ya mitambo, na maelezo yake yatolewe kwa Kiswahili.

Naomba nianze na usiku mmoja. Katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi, kijana mmoja hodari, mwenye cheti na mwenye nidhamu, aliachwa peke yake zamu ya usiku na mtambo wa kurushia matangazo. Yapata saa nane, kioo cha mtambo kilianza kuonyesha maneno "reflected power", na mbele yake neno "high". Neno "power" alilijua, na "high" alilijua, hivyo akaandika kwenye daftari la zamu, kwa mwandiko safi kabisa, kwamba nguvu ya mtambo imepanda na hali ni nzuri. Ukweli ulikuwa kinyume. Nguvu inayotajwa pale ni ile inayopelekwa kwenye antena, ikakataliwa na kurudi mtamboni, na ikizidi huunguza amplifaya ya mwisho, hasa kwenye mtambo wa zamani kama ule, ambao haukuwa na kinga ya kujipunguzia nguvu wenyewe. Chanzo kilikuwa kidogo tu: maji na chumvi ya upepo wa bahari vilikuwa vimeingia kwenye konekta ya kebo kule juu mnarani, jambo ambalo kila fundi wa pwani analifahamu. Kama angeyaelewa maneno yale, angepunguza nguvu na kunipigia simu, na asubuhi tungepanda mnara tukabadilisha konekta. Badala yake amplifaya iliungua, na kituo kikakaa kimya siku nne tukisubiri vipuri. Sikumlaumu kijana yule wakati ule na simlaumu leo, kwa maana miongoni mwetu sote tuliomlea hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuketi naye kumfundisha maneno hayo.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, kijana huyo alikuwa amesoma sekondari miaka minne, na masomo yake karibu yote aliyasoma kwa Kiingereza. Hapo ndipo penye kiini cha jambo ninalolieleza. Kiingereza cha studio hakijengwi kwa maneno magumu ambayo mtu hajawahi kuyasikia. Kimejengwa zaidi kwa maneno ya kawaida yaliyopewa kazi nyingine. Mwanafunzi amefundishwa kuwa "gain" ni faida, lakini kwenye miksa ni kiwango cha sauti wakati inaingia, na asipoelewa hivyo ataipandisha mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha ahangaike kuiponya kwa kushusha kitelezi cha sauti inayotoka, ambacho hakiwezi kuponya kitu kilichoharibika tangu mlangoni. Amefundishwa kuwa "pan" ni kikaango, na mwongozaji anapomwambia kwenye hedifoni apeleke kamera kushoto kwa neno hilohilo, anachelewa sekunde mbili, na mpira umeshatoka nje. Nimemwona binti akifungua kamusi ya simu kutafuta "phantom" iliyoandikwa pembeni ya swichi nyekundu, kamusi ikamjibu kuwa ni mzuka, naye akaiacha swichi jinsi ilivyo na kuanza kubadilisha kebo moja baada ya nyingine kwa kudhani kipaza sauti kimekufa. Swichi ile hupeleka umeme wa volti 48 kwa njia ya kebo ileile ya sauti, na vipaza sauti vingi vya kondensa havifanyi kazi bila umeme huo. Nilipomweleza kwa Kiswahili, alielewa kwa sentensi moja, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayewaeleza wenzake.

Zamani tatizo hili halikuwa kubwa kiasi hiki. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, kwa miongo mingi fundi alifanya kazi na vifundo vya kuzungusha, taa na sindano: sindano ikiingia kwenye eneo jekundu, hata asiyejua herufi alijua kuna hatari. Mitambo ya leo huzungumza kwa maandishi, tena ya kupita haraka, ndani ya menyu zilizofichwa chini ya menyu nyingine. Upande wa televisheni mabadiliko yalikuja kwa kishindo pale urushaji wa analojia ulipoanza kuzimwa nchini, tukianzia Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba 2012, na kila kifaa kilichoingia baada ya hapo kilikuja na kitabu chake cha maelekezo, kurasa mia mbili au tatu, ambacho katika vituo vingi nilivyovitembelea bado kiko ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Sisi watu wa Tanga tuna mfano karibu nasi. Pale bandarini, nahodha Mfilipino na mwongoza meli Mtanzania huelewana bila yeyote kati yao kuwa bingwa wa Kiingereza, kwa sababu Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha mwaka 2001 mkusanyiko wa semi sanifu za mawasiliano ya baharini, na mabaharia hufundishwa semi hizo kama wanavyofundishwa kufunga fundo la kamba. Hakuna anayemtaka baharia aandike insha kwanza. Hutakiwa asikie, aelewe na atende, na pale ambapo hakuelewa, ajue namna ya kuomba arudiwe. Kazi yetu nayo ina amri zake: jiandae, anza, kata, tunakwenda hewani baada ya sekunde kumi. Gari la matangazo linapokuja uwanja wa Mkwakwani siku ya mechi, mwongozaji anaweza kuwa Mswahili mwenzetu, lakini amri zote anazitoa kwa Kiingereza, na vijana wa hapa nyumbani huishia kuvuta kebo jua kali, ilhali kamera wanaiweza.

Waandishi na watangazaji nao wana haja yao, ingawa ni ya namna nyingine. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, kwenye ukingo wa jiji letu, na limeleta wahandisi na wageni wengi wasiojua Kiswahili. Nimekaa nyuma ya kioo cha studio nikimsikiliza mgeni akieleza kwa nini bomba lile hupashwa moto njia nzima, kwamba mafuta yale yana nta nyingi na yakipoa huganda. Yalikuwa maelezo ambayo mvuvi wa Chongoleani angeyafurahia, maana anajua samli inavyofanya asubuhi ya baridi. Mtangazaji hakulipata neno la nta, akaona vibaya kuuliza, akamshukuru mgeni na kwenda kwenye muziki. Huyu hahitaji masharti ya sarufi. Anahitaji mazoezi ya kusikiliza lafudhi mbalimbali, kutofautisha kumi na tano na hamsini zinapotamkwa haraka kwa Kiingereza, kumkatiza mgeni kwa adabu ili afafanue, na kisha kuligeuza jibu papo hapo liwe Kiswahili kinachoeleweka na bibi aliyewasha redio jikoni.

Kuhusu namna ya kufundisha, naomba usomeshaji huu usiachiwe mwalimu wa lugha peke yake wala fundi peke yake. Nilishuhudia chuo kimoja kikimwajiri mwalimu mzuri wa Kiingereza, naye kwa uaminifu wake wote akafundisha nyakati za vitenzi kwa wiki sita kwa watu ambao shida yao ilikuwa kioo cha mtambo. Wawili hao wakae darasa moja, mwalimu akishika lugha na fundi akishika mtambo. Saa ziwe za alasiri au jioni kwa kufuata zamu, kwani mtangazaji wa asubuhi huamka saa tisa usiku. Mtihani nao uwe wa vitendo: mwanafunzi apewe ukurasa wa kitabu cha maelekezo na kifaa chenye hitilafu, arekebishe, avae hedifoni, apewe amri, tuone mkono wake unakwenda wapi.

Wapo watakaosema kwamba mkazo huu utadhoofisha Kiswahili redioni. Nalichukulia jambo hilo kwa uzito, kwani Kiswahili ndiyo kazi yetu, na msikilizaji wa Tanga ana sikio kali. Lakini ninachokiona ni kwamba asiyelielewa neno la Kiingereza ndiye analibeba zimazima mpaka hewani, wakati aliyelielewa hulitafutia Kiswahili. Kwa hiyo ningefurahi sana kama Mamlaka yako ingeliomba Baraza la Kiswahili la Taifa kushirikiana nanyi kuandaa kitabu kidogo cha istilahi za mitambo ya utangazaji, kila neno na maelezo yake ya Kiswahili, kwa kuwasikiliza kwanza mafundi wanayaitaje vituoni.

Mimi na mafundi wenzangu wanne tuko tayari kufundisha kwa kujitolea jioni mbili kwa wiki katika kozi ya kwanza. Tuna miksa mbili zisizotumika, kamera moja ya zamani, mtambo ule ulioungua, ambao kioo chake bado kinawaka, na daftari la zamu la usiku ule. Tutavileta chuoni siku yoyote mtakayotuita.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi mitambo wa redio,
Ngamiani, Tanga