YAH: KUFA KWA SAMAKI WANGU MIKONONI MWA FUNDI WENU, NA KUDHALILISHWA DUKANI

Kwa Meneja,
Duka la Samaki wa Mapambo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, heshima ambayo mimi sikuipata kwenye kaunta yenu. Jumamosi nilikuja na samaki wangu akiwa amekufa ndani ya ndoo, nikaeleza kwamba amekosa hewa. Msimamizi wenu akanijibu mbele ya wateja: "Mama, tangu lini samaki akafa maji?" Wakacheka. Masharti yenu ya huduma mnayajua, sina haja ya kuwanukulia.

Samaki huyo ni gaa-madoa, Lepisosteus oculatus, na ninyi ndio mlioniuzia. Mlinihakikishia kuwa ni katika gaa wadogo, si kama gaa-mamba anayevuka mita 2, na kwamba mwenye tangi pana anaweza kumfuga nyumbani. Hilo ni kweli, na tangi pana nilitengeneza, kwa sababu magamba yake ni magumu, mwili haukunjiki kirahisi, anataka nafasi ya kugeukia. Alishanizoea. Nikisogea na dagaa kwenye koleo alikuja taratibu, mwili umetulia tuli, mapezi ya nyuma tu ndiyo yanatikisika.

Fundi wenu alipokuja kusafisha alijaza maji mpaka ukingoni, akabana kioo cha kufunikia juu yake. Hapakubaki hata upenyo wa kidole. Mfuniko ni lazima, gaa huruka. Lakini kati ya maji na kioo lazima ibaki nafasi. Gaa hupanda juu kumeza hewa, na kibofu chake cha hewa kimeungana na koo, kinafanya kazi ya pafu. Maji yetu ya Dar ni ya vuguvugu, hayashiki oksijeni nyingi, kwa hiyo hapa anaitegemea zaidi hewa ya juu. Kamongo wa Ziwa Victoria naye ni hivyo hivyo: mzuie asifike juu, atakufa humo humo majini. Anayeuza samaki Tanzania hawezi kuniambia jambo hili ni geni kwake.

Dada wa nyumbani alisikia kioo kinagongwa mchana ule. Akampigia fundi simu, akajibiwa kuwa pampu ya hewa inatosha. Someni tena hapo: fundi wenu alipigiwa simu samaki akiwa bado hai! Jioni nilimkuta amegandamana na kioo, ncha ya mdomo imechubuka mpaka nyama nyeupe inaonekana.

Narudi dukani, maana hapo ndipo panaponiuma. Msimamizi wenu alitumbukiza mkono kwenye ndoo, akamnyanyua kwa mdomo ule ule uliochubuka, akaita vijana wa nyuma: "Njooni mumwone samaki aliyekufa maji!" Wakatoka. Mteja mmoja akapiga picha. Mwanangu, ambaye ndiye aliyeibeba ndoo, alikuwa amesimama pale pale anatazama. Kisha msimamizi akamwachia samaki, akaangukia vigae kwa kishindo, na hakuna hata mmoja wenu aliyeinama. Nilimwokota mimi. "Mama, tangu lini samaki akafa maji?" Hilo ndilo jibu la kampuni yenu. Na hapo Ijumaa nilishapiga simu ofisini, nikakatiwa.

Siku ile nilichotaka ni bei ya samaki tu. Sasa nataka bei ya samaki, malipo ya usafi wa siku hiyo, na barua ya kuomba radhi yenye jina na saini ya msimamizi, ikimtaja na mwanangu. Samaki mwingine msiniletee. Mkataba wa usafi nimeuvunja kuanzia leo. Amana yangu irudishwe yote, bila kukatwa senti. Fundi huyo asikanyage tena kwangu.

Risiti ya EFD ninayo. Picha za tangi kabla sijagusa mfuniko ninazo. Nilikusudia kuwapa siku 14, lakini nikikumbuka kile kicheko nawapa 7. Zikipita, jalada lote naliwasilisha Tume ya Ushindani, na picha nazitoa hadharani pamoja na jina la duka lenu, ili kila mwenye tangi ajue nani anamfungulia mlango.

Aliyekuwa mteja wenu.