Pesa isubiri mzigo: barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania

Mheshimiwa Gavana,

Shikamoo.

Nauza simu na kompyuta mpakato, mpya na zilizotumika, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Wateja wangu wengi siku hizi sijawahi kuonana nao. Wanaona picha Instagram au WhatsApp, wanauliza bei, wanalipa kwa simu, mzigo unapelekwa Mbezi kupanda basi na kesho yake wanaupokea Mbeya, Mwanza au Songea. Biashara hiyo ndiyo inayotulisha, na ndiyo hiyohiyo inayoliza watu. Nimeona nikuandikie wewe, si Polisi wala TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa sababu tundu wanamopita matapeli liko kwenye malipo, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imeweka malipo chini ya Benki Kuu.

Tangazo tunalolisikia kila leo linasema: usitume pesa kwa mtu usiyemfahamu. Ushauri mzuri kwa zile meseji za "ile pesa itume kwenye namba hii". Kwa biashara ya mtandaoni ni sawa na kutuambia tufunge maduka. Mzazi wa Tunduma anayemtafutia mwanawe kompyuta ya chuo hana ndugu Kariakoo. Akitaka kupata bei ya Kariakoo, lazima atume pesa kwa mtu asiyemfahamu, na mimi lazima nitume mzigo kwa mtu nisiyemfahamu. Mmoja wetu sharti atangulie. Anayetangulia ndiye anayepigwa.

Naomba nikueleze mchezo mmoja kwa kirefu, maana unawanasa hata watu makini.

Nimeweka picha ya iPhone iliyotumika, shilingi 1,600,000. Tapeli anazichukua picha zangu anaziweka kwenye ukurasa wake kwa 1,400,000. Angeandika laki tano watu wangeshtuka. Laki mbili pungufu inavuta bila kutisha. Mnunuzi akimpigia, anajibiwa kistaarabu kabisa: "Usinitumie hata shilingi. Nenda dukani Aggrey ukaione mwenyewe, mwambie kijana umetumwa na bosi. Habari za bei usizungumze naye, yule ni wa kazi tu." Hapohapo ananipigia mimi: "Kaka, namtuma mdogo wangu aje aangalie ile simu. Nalipa mimi, ni zawadi yake, kwa hiyo bei usimtajie."

Mteja anafika. Namtolea simu. Anabonyeza *#06#, anasoma IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, anailinganisha na iliyoandikwa kwenye boksi. Anaangalia afya ya betri, anapiga picha mbili tatu, anaingiza laini yake anampigia mkewe. Safi. Kila alichofundishwa amekifanya: amekuja dukani, ameona kwa macho, ameshika kwa mkono. Anasogea pembeni anatuma pesa kwenye namba aliyopewa. Alishaambiwa "jina litakuja la mhasibu wangu", na kweli linakuja jina la mwanamke. Anarudi kaunta ananyoosha mkono achukue simu. "Bosi kasema imeingia." Namwambia kwangu haijaingia kitu. Anapiga namba ya bosi, haipatikani. Napiga mimi, haipatikani. Sasa yeye ananiona mimi ni mwenzake tapeli, mimi namwona ni mwizi aliyekuja na hadithi, na watu wameshaanza kujaa mlangoni. Mambo haya huishia kituoni, watu wawili waaminifu wakiandikisha maelezo dhidi yao wenyewe kwa wenyewe, na wote wanasema kweli.

Kwa magari mchezo ni uleule, isipokuwa pesa ni milioni nyingi na badala ya duka ni yadi au nyumbani kwa mwenye gari.

Sisi wa Aggrey tumejitungia kinga zetu. Mtu akiingia tu kuulizia simu ya kwenye picha, swali la kwanza ni: umeambiwa shilingi ngapi, na nani? Swali hilo linaua mchezo wote kabla simu haijatoka kabatini. Malipo yanapokewa kwa lipa namba yenye jina la duka, imebandikwa kwenye kioo, hakuna cha mhasibu wala shemeji. Na meseji ya mteja kuonyesha amelipa hatuisomi. Tunaangalia salio letu. Zipo meseji zinaandikwa vizuri, kumbukumbu ya muamala ipo, makato yapo, kumbe imetoka kwenye laini ya mtu wa kawaida.

Lakini kinga hizi zinamfaa aliyesimama kaunta. Yule wa Tunduma zinamsaidia nini?

Mwaka 2020, mwezi Januari, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Tulifurahi, tukasema tapeli sasa atajulikana kwa jina. Jina linajulikana, ni kweli. Ni la bibi fulani wa kijijini aliyeambiwa na msajili wa laini arudie kuweka kidole, "hakijasoma vizuri". Ndiyo maana *106# ipo, mtu ajue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na ndiyo maana namba 15040 ya kuripotia matapeli ipo. Vyote vinafaa, ila vyote vinakuja baada ya tukio, na pesa ya simu haingoji. Kupitia TIPS, mfumo wenu wenyewe wa malipo ya papo hapo, inatoka mtandao mmoja kwenda mwingine au kwenda benki kwa sekunde chache. Kasi hiyo imetusaidia sana wafanyabiashara, sikatai, ila tapeli naye anaifaidi. Aliyelizwa anapiga huduma kwa wateja, anasubiri kwenye foleni ya sauti, anaambiwa alete RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yake polisi. Hadi apate RB, mwenye namba ameshapita kwa wakala wa kwanza na wa pili.

Na hapo kuna kichekesho kichungu. Urudishaji wa muamala, ambao ni mgumu kwa aliyeibiwa, kwa tapeli ni silaha. Analipa kweli, anachukua simu, anaondoka na bodaboda, halafu anapiga kudai amekosea namba. Muuzaji aliyeuza kihalali anashtukia pesa yake imezuiwa akitakiwa ajieleze.

Ombi langu kwako ni moja, Mheshimiwa. Benki Kuu iwatake watoa huduma za pesa kwa simu, na mabenki yaliyomo kwenye TIPS, waweke aina moja zaidi ya malipo: malipo ya kusubiri mzigo. Mnunuzi analipa, pesa inatoka kwenye salio lake lakini haiingii kwa muuzaji. Inakaa katikati. Muuzaji anapata meseji kwamba pesa ipo na imefungwa kwa jina lake, hivyo mnunuzi hawezi kuirudisha kwa kudai amekosea namba. Anatuma mzigo. Mnunuzi anaupokea, anaukagua, anaweka namba yake ya siri kuthibitisha, pesa inaachiwa. Mzigo usipotumwa ndani ya siku zilizokubaliwa, pesa inarudi ilikotoka.

Si jambo geni. China walikuwa na shida hii hii soko la mtandaoni la Taobao lilipoanza mwaka 2003: mnunuzi haamini, muuzaji haamini. Alipay ilizaliwa hapo, mwaka huohuo, kazi yake ikiwa ni kushika pesa katikati hadi mnunuzi athibitishe amepata mzigo. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoagiza China kwa mtandao wanaufahamu utaratibu wa namna hiyo. Mtu analindwa akinunua kwa Mchina asiyemjua, halafu akimuuzia Mtanzania wa Songea anaambiwa awe makini.

Kisheria sidhani kama tunaanzia sifuri. Kanuni zenu za pesa za kielektroniki za mwaka 2015 tayari zinataka pesa za wateja wa mitandao ya simu ziwekwe kwenye akaunti ya amana benki. Pesa yangu ikionekana kwenye simu, yenyewe iko benki imetunzwa kwa niaba yangu. Ninachoomba ni kwamba kwa siku mbili tatu itunzwe kwa niaba ya watu wawili.

Najua watakachosema watoa huduma, kwa hiyo nijibu mapema. Watasema mnunuzi naye anaweza kudanganya: anapokea simu nzima, anadai amekuta kipande cha kigae kwenye boksi. Ni kweli, wapo. Lakini ofisi ya vifurushi ya basi ina kaunta, ina karani na ina kitabu cha kusaini. Boksi likifunguliwa pale mbele ya karani, uongo wa kigae unakufa. Mimi hupiga video nikifunga mzigo, IMEI ikionekana, gundi ya karatasi ikizungushwa, jina na namba ya mpokeaji vikiandikwa kwa kalamu ya wino mzito, hadi risiti ya basi. Nani atakataa ushahidi huo? Watasema pia gharama. Basi huduma isihusu kila muamala. Anayenunua viatu vya 20,000 aendelee kutuma kama kawaida. Ianzie kwenye vitu vya bei, tuseme laki tatu na kuendelea, na makato yake yawe madogo, maana yakiwa makubwa watu watarudi kwenye "tuma kwa namba hii" wakalizwe kwa bei nafuu.

Sitakudanganya kwamba itamaliza kila utapeli. Kuna simu za mkopo zinazouzwa kama mali ya mtu: inakaguliwa iko safi, inalipiwa, wiki kadhaa baadaye kioo kinajifunga kwa sababu aliyeikopa aliacha kulipa rejesho. Ile haitazuiwa na pesa kusubiri siku tatu. Pale wanaokopesha simu wangetusaidia sana kwa kutuwekea mahali pa kuhakiki IMEI kama ina deni, lakini hiyo ni barua nyingine na ya mtu mwingine.

Kama wataalamu wako watakaa na mitandao ya simu kulijadili hili, tafadhali msiwaite wakubwa wa kampuni peke yao. Waiteni na wauza simu wa Aggrey, makarani wa vifurushi wa pale Mbezi, mawakala, na angalau mmoja aliyenunua kutoka mkoani akakosa mzigo. Siku ya kikao tangazeni mapema tu. Ikiwa Jumatatu itakuwa vizuri zaidi, maana mwisho wa wiki dukani hapashikiki.

Wako mtiifu,
Muuza simu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo