Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: tupe jedwali la visima

Kwako Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yetu,
Mkoa wa Arusha.

YAH: KISIMA KILICHOFUNGWA KWA SABABU YA FLORAIDI KUZINDULIWA UPYA

Ndugu Mkurugenzi, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nianze kwa pongezi. Uzinduzi wa juma lililopita ulifana. Turubai lilikaa vizuri, akina mama waliimba, utepe ulikatwa, na mgeni wetu mfadhili akaondoka na shuka la Kimasai begani. Alikosekana mtu mmoja tu wa kumnong'oneza kwamba kisima kile si kigeni kwetu. Kilifungwa zamani, baada ya maji yake kupimwa na kukutwa na floraidi iliyopita kiwango. Mtendaji wa kijiji aliyesimamia kufungwa kwake alihamishwa, mhandisi akastaafu, ripoti ikaingia masjala na mpaka leo haijatoka. Mfadhili alipokuja kuuliza ni kisima gani afufue, akapewa orodha, na orodha inasema kisima hicho "hakifanyi kazi". Ni kweli hakikuwa kikifanya kazi. Kwa nini, orodha haisemi. Akatuwekea pampu ya sola na tangi jipya, na sasa watoto wanakunywa.

Wewe si mzaliwa wa huku, lakini umekaa nasi vya kutosha kuyaona meno yetu tunapocheka. Madini hayo ya floraidi yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi ilivumilia hadi 4. Hayana rangi wala harufu, na kuchemsha hakuyaondoi, kunayazidisha tu maji yakipungua sufuriani. Jino la mtoto huharibika likiwa bado ndani ya ufizi. Ukija kuona doa la kahawia, umechelewa miaka. Binti yangu yuko chekechea. Maji yake nayanunua kwa madumu, na mshahara wa katibu wa kamati ya maji ya kijiji unaujua: ni asante.

Sasa nikueleze kosa lilipoingilia, maana nimelifuatilia. Kisima kile kina majina matatu. Wakaguzi wa kwanza waliandika jina la mwenye shamba, wa pili wakaandika jina la shule iliyo jirani, wa tatu jina la shirika lililochimba. Kwa binadamu ni kisima kimoja. Kwa kompyuta ni visima vitatu, na kipimo cha floraidi kimebaki kwenye kisima cha shule wakati "hakifanyi kazi" iko kwenye kisima cha mwenye shamba. Hakuna aliyedanganya. Kila mtu aliandika alichokiona, halafu hakuna kilichoviunganisha.

Tatizo hili lina wataalamu wake, na dawa yake haijafichwa. Wikidata, hifadhi ya taarifa ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, iliyoanza Oktoba 2012, inakipa kila kitu namba moja isiyobadilika. Tanzania ni Q924, uiite kwa lugha yoyote utakayo. Jina likikosewa, namba inabaki, na kila taarifa inaning'inizwa kwenye namba hiyo pamoja na chanzo chake: nani kasema, lini, kwa ushahidi gani. Tungepewa namba moja tu, ikapigwa rangi kwenye zege la kisima, ngoma za juma lililopita zisingepigwa.

Afisa wako mmoja aliniambia kwenye korido, maana ofisini hatukaribishwi kukaa, kwamba wananchi wakiachiwa jedwali la visima watajaza uongo. Hoja hiyo ni ya zamani. Mtaalamu wa kompyuta Mmarekani, Ward Cunningham, alipoanzisha mwaka 1995 tovuti ya kwanza ya aina iitwayo "wiki", ambayo yeyote anaweza kuihariri, watu waliuliza hivyo hivyo. Wavumbuzi wa kazi hii hawakujibu kwa kumwamini kila mtu. Walihakikisha hakuna kinachofutika. Kila badiliko linabaki na saa yake na jina la aliyelifanya, na la ovyo linarudishwa nyuma na yeyote aliyeliona. Markus Krötzsch na Denny Vrandečić, wakiwa watafiti kule Karlsruhe, Ujerumani, walihangaika kuanzia mwaka 2005 na namna ya kuyafanya maandishi ya wiki yawe data ambayo kompyuta inaweza kuiuliza maswali. Kilichozaliwa baadaye kwenye Wikidata kinaruhusu hata vipimo viwili vinavyopingana vikae bega kwa bega, kila kimoja na chanzo chake, msomaji aamue. Sisi tuna masjala, na masjala haina mahali pa kupinga.

Wala usiseme ni mambo ya Ulaya. Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazofurika walichora mitaro na nyumba zao kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kawaida, kupitia mradi wa Ramani Huria. Walipewa simu, wakafundishwa, wakafanya.

Na kuna hili linaloniuma kuliko yote. Taarifa za vituo vya maji vya nchi hii, zilizokusanywa zaidi kati ya 2011 na 2013, ziliwekwa mtandaoni na kufanywa shindano la kimataifa liitwalo Pump it Up. Mistari 59,400 ya kuifundishia kompyuta! Vijana wa Marekani na India wanajifunza kuifundisha kompyuta kubashiri pampu gani imekufa, kwa kutumia pampu zetu. Nimeipakua kwa bando langu. Kuna safu ya ubora wa maji, na moja ya majibu yake ni floraidi. Vipo vituo ambavyo mwaka wa ujenzi ni 0, na vingine vyenye longitudo 0, ambavyo kwenye ramani vimezama Ghuba ya Guinea. Mwanafunzi wa nje anacheka, anavifuta, anaendelea. Mtu pekee anayeweza kusema kilula hicho kiko nyuma ya ghala la ushirika ni bibi anayechota hapo kila asubuhi, na yeye hana pa kusemea.

Sijui kwa nini jedwali la visima vya halmashauri yetu halifunguliwi, kwa hiyo nabuni. Labda liko kwenye kompyuta mpakato ya mtaalamu mwelekezi ambaye mkataba wake uliisha. Labda, na uniwie radhi, orodha iliyokamilika haina posho, kwa kuwa kila mradi mpya lazima uanze na watu wapya wenye vishikwambi vipya, wakituuliza maswali yale yale. Tumeshazoea kuhesabiwa.

Ulipokuja kujitambulisha uliahidi mbele ya mkutano wa kijiji kwamba taarifa zote za miradi zitakuwa wazi. Nilipiga makofi. Barua zetu tangu hapo zimegongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, tena kwa wino mzuri, na jibu ni lile lile: tunalifanyia kazi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatoa siku 30. Nakukumbusha tu, najua una mambo mengi. Na mimi ninayo: mafuta ya pikipiki ya vijana wanaopita kitongoji kwa kitongoji kuandika hali ya vilula yanatoka duka langu la vifaa vya shule, na rafu za duka zimeanza kuonekana tupu. Mke wangu anasema nimeongeza mke, sijamwambia tu.

Naomba pampu ile izimwe mpaka maji yapimwe upya. Hilo ni la leo, lisisubiri kikao. Halafu naomba jedwali. Nilikuwa na maombi mengine, ya mafunzo, ya namba kwenye kila kituo, ya mtu mmoja ofisini wa kupokea masahihisho yetu, nayaacha. Jedwali tu, hivyo hivyo lilivyo, na makosa yake, majina matatu na yote. Tutalisahihisha wenyewe na kukurudishia.

Kama kuliweka wazi kwa umma kunahitaji kibali kutoka juu, nipe nakala. Flashi nitakuja nayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu, kamati ya maji ya kijiji,
Miteremko ya Meru.

Nakala: Mhandisi wa Maji, ambaye simu yake tunaisikia ikiita.