Barua ya wazi kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika: cheti cha kakao hai kiwe cha mkulima

Ndugu Mrajis,

Nakuandikia kutoka Kyela, mkoani Mbeya, mimi mkulima wa kakao na mkaguzi wa ndani wa kikundi cha kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani. Shida yangu ni cheti. Kwa miaka mingi wakulima wadogo wa nchi hii tumekuwa tukikifanyia kazi cheti cha kilimo hai, halafu kinaandikwa jina la kampuni inayonunua. Shamba la kwetu, palizi ya kwetu, mboji ya kwetu, jina la mwingine. Sasa sheria ya Ulaya, kakao hai inakokwenda, imegeuka na inataka cheti kishikwe na kundi la wakulima lenyewe, tena kundi lililosajiliwa kisheria. Vyama vya wakulima vinasajiliwa ofisini kwako. Ndiyo sababu barua hii sikumwandikia Waziri.

Niruhusu nieleze kwanza cheti kinavyopatikana, maana nimekaa vikao ambavyo watu wazima wenye vyeo walidhani kilimo hai ni kutonunua mbolea ya dukani, basi. Kama ingekuwa hivyo, nusu ya Kyela tungekuwa na vyeti tangu enzi za wazee wetu. Mkulima wa huku ana ekari moja au mbili za kakao chini ya migomba, na wengi hawajawahi kuitilia hiyo kakao mbolea ya chumvichumvi hata konzi moja. Hilo pekee halimpi kitu. Mkaguzi anataka maandishi.

Anaanza kwa kusaini mkataba na kikundi, akikubali masharti na akikubali kukaguliwa. Shamba linazungukwa na GPS, inachorwa ramani, na ramani hiyo lazima ionyeshe jirani wa kila upande analima nini. Kisha inaandikwa historia ya shamba. Kwa zao la kudumu kama kakao, kanuni ya Ulaya inataka miaka mitatu ya mpito kabla ya mavuno ya kwanza kuuzwa kama hai. Kwa mazao ya msimu ni miaka miwili kabla ya kupanda. Miaka hiyo yaweza kuhesabiwa kurudi nyuma ikiwa upo ushahidi kwamba shamba halikuguswa na dawa zilizokatazwa. Bibi wa miaka sabini ambaye hajawahi kushika bomba la kupulizia atautoa wapi ushahidi wa kitu ambacho hakukifanya? Kama kikundi hakikuwa na kumbukumbu, anaanza kuhesabu mwanzo kama mtu aliyepulizia jana.

Baada ya hapo kila mwanachama anakaguliwa kila mwaka na watu kama mimi. Tunaangalia miti, stoo, magunia yalibeba nini kabla, tunakadiria mavuno. Makadirio ndiyo mtego wa walanguzi: mwenye nusu ekari akileta kakao ya ekari tatu, tunajua kapokea ya shemeji yake. Orodha ya waliopita inaidhinishwa, ndipo anakuja mkaguzi wa nje kutoka kampuni ya uthibitishaji. Yeye hapiti kwa wote. Kanuni inamtaka akague upya angalau asilimia 5 ya wanachama na achukue sampuli za kupima mabaki ya dawa kwa angalau asilimia 2. Anachopima hasa ni kama ukaguzi wetu wa ndani unasema kweli. Akikuta mfumo umeoza, hamtoi mkulima mmoja mmoja. Kundi zima linapoteza cheti.

Katika kazi hii mambo mawili yananinyima usingizi, na hakuna hata moja lililoandikwa kwenye vipeperushi vya semina.

La kwanza ni mpunga. Kyela ni kakao na mpunga, na siku hizi mpunga unalimwa kwa dawa ya kuua magugu. Mashamba yanapakana, mengine yametenganishwa na mfereji tu. Upepo wa ziwani ukivuma mchana, dawa ya jirani inatua kwenye kakao ya mtu ambaye hakuinunua wala hakuipenda. Tunapanda kizuizi cha matete au migomba, tunaacha mistari ya pembeni ivunwe kando, tunamwomba jirani apulizie asubuhi hewa ikiwa imetulia. Jirani mwenyewe mara nyingi ni mwanachama wetu, maana mkulima wa kakao hapa ndiye huyohuyo mkulima wa mpunga. Na bomba ni moja, linaazimwa kijiji kizima. Mkaguzi anaangalia shamba lake lote, pamoja na yale majaruba. Hapa ndipo wengi wanapoachia njiani, na siwalaumu. Palizi ya mkono kwenye mpunga ina gharama, na hakuna anayewafidia.

La pili ni undugu. Mkaguzi wa ndani hatakiwi kumkagua ndugu yake. Njoo Kyela, Ndugu Mrajis, unitafutie kijiji ambacho mimi si mjomba, mkwe au mtani wa mtu! Tumejaribu kubadilishana, wa Ipinda waende kukagua upande wa Matema na wa Matema waje huku. Inasaidia, ingawa nauli inakula bajeti. Hata hivyo mtu ukimwandikia mzee wa heshima kwamba amesimamishwa mwaka mmoja kwa sababu mkwewe alipulizia, unajua kabisa hutapewa kiti msibani. Nasema haya ili ujue kwamba sikuombi utuamini tu. Tunahitaji kusimamiwa pia.

Sasa nije kwenye sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848 ilianza kutumika Januari 2022, na kwa nchi kama yetu kipindi cha kuendelea na utaratibu wa zamani kimekwisha. Zamani mkaguzi alikuja na vigezo vinavyolingana na vya Ulaya. Sasa anakuja na vya Ulaya vyenyewe, neno kwa neno. Kundi la wakulima lisizidi wanachama 2,000. Mwanachama awe na shamba lisilozidi hekta 5, yaani kama ekari 12 na kidogo, au athibitishe kwamba mapato yake ya kilimo hai ni madogo na gharama ya cheti cha peke yake ingemlemea. Wawe wanakaa karibu karibu. Wawe na mfumo wa pamoja wa kuuza. Na kundi liwe na hadhi yake kisheria, likiundwa na wakulima wanaokidhi masharti hayo.

Soma sharti hilo la mwisho ukiwa na AMCOS ya kawaida kichwani, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao. AMCOS ya huku ina wanachama wa kilimo hai na wasio wa kilimo hai, ina mwenye robo ekari na mwenye ekari 30, nyingine inavuka wanachama 2,000. Chama cha namna hiyo, kama kilivyo, hakiwezi kuwa hilo kundi. Kinahitaji kuzaa chombo kingine ndani yake au pembeni yake: chama cha wakulima hai peke yao, chenye kamati yake, akaunti yake na daftari lake. Tukienda kuuliza wilayani tunaambiwa eneo hili lina AMCOS tayari, msigawe ushirika. Ninaelewa hofu hiyo. Vyama pacha vimetumika sana kukimbia madeni. Hata hivyo, bila chombo hicho kuna mambo mawili tu yatakayotokea. Ama kakao yetu hai itauzwa kama kakao ya kawaida, ama kampuni itatuundia kikundi cha karatasi, itafute mwenyekiti wa kusaini, cheti kisomeke jina letu na mihuri ikae kwenye droo yake. Hilo la pili naliogopa zaidi, kwa sababu kwenye takwimu litaonekana kama mafanikio.

Tofauti ya nani ameshika cheti mtu wa ofisini anaweza kuiona ndogo. Kampuni iliyolipia mkaguzi, maabara na mafunzo ikishika cheti, mimi siwezi kumuuzia mnunuzi mwingine kakao yangu kama kakao hai, hata akitoa bei bora. Kwa mwingine inakuwa kakao tu. Na kampuni hiyo ikifunga ofisi, kama ilivyotutokea na kampuni moja ambayo sina haja ya kuitaja, inaondoka na ramani, na historia za mashamba, na orodha. Tulibaki na miti. Kuomba cheti upya bila zile fomu ilikuwa kama kudai kiwanja bila hati. Sitaki kusema kampuni zote ni mbaya. Bila pesa zao za mwanzo kilimo hai kisingefika Kyela, na mwenye kulipa ana haki ya kurudisha chake. Kinachowezekana ni mkataba: kampuni igharimie, irudishiwe kwa misimu kadhaa ya kupewa nafasi ya kwanza ya kununua, ila cheti na kumbukumbu vibaki kwa wakulima.

Lipo pia suala la ghala. Tangu 2018 kakao ya Kyela, Rungwe na Busokelo inauzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani inakusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, na mimi ni mmoja wa wanaosema mnada umetusaidia, maana mizani ya walanguzi tunaijua. Lakini kilimo hai kina sharti lake: mzigo uweze kufuatiliwa kutoka shamba hadi meli. Gunia la kakao hai likichanganywa na jingine, cheti kinafia hapo. Likikaa kwenye ghala lililowekwa vidonge vya fosfini vya kuulia wadudu, linakufa hata bila kuchanganywa. Na kila shehena inayokwenda Ulaya lazima ipate cheti chake cha ukaguzi kwenye mfumo wa mtandaoni wa kule, TRACES, kabla haijaondoka nchini. Kwa hiyo tunahitaji chumba au ghala la kakao hai lisilotiwa dawa, na mzigo wake uingie mnadani kwa jina lake. Najua ghala na mnada vina bodi na mamlaka zake. Sauti yako huko inasikika kuliko yangu.

Utaniuliza kwa nini sasa. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani, na nyongeza ya bei ya kilimo hai ikawa kama chenji ya nauli. Wanachama wengi walisema fomu za nini, na wakaacha. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka, na hao hao wanarudi kuuliza kama majina yao bado yapo. Wengine hayapo. Miaka mitatu, ndugu zangu.

Kwa soko la ndani tuna nafuu: kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007 na alama yake ya Kilimohai, ambayo wakulima wanaweza kuipata kwa kukaguana wenyewe kwa utaratibu shirikishi, kwa gharama ndogo. Kwa mboga za Arusha ni sawa kabisa. Kakao hatuli sisi, kwa hiyo Kilimohai hainifikishi mbali. Wizara nayo ina mkakati wa kitaifa wa kilimo ikolojia hai wa 2023 hadi 2030, na nimeupenda. Lakini mkakati hausajili chama.

Ninachokuomba ni waraka mmoja kwa warajis wasaidizi wa mikoa. Useme wazi ni kwa namna gani wakulima hai walio ndani ya AMCOS wanaweza kusajili chombo chao bila kuonekana waasi, deni la chama mama linabebwaje, na ombi lijibiwe ndani ya muda gani. Useme kwamba mkataba wowote wa cheti kati ya chama na mnunuzi upite mikononi mwa ofisi yako, na usiidhinishwe usipotaja kwamba ramani na kumbukumbu za mashamba ni mali ya wakulima. Ramani hizo zitafaa pia kwenye ile kanuni nyingine ya Ulaya ya kuzuia mazao yaliyolimwa kwa kukata misitu, ambayo imeahirishwa zaidi ya mara moja lakini haijafutwa. Na makato ya kulipia mkaguzi yaandikwe kwenye risiti ya mkulima kwa jina lake, yasifichwe ndani ya ushuru wa chama. Tukiyaona tutayalipa, maana tumeshazoea kulipa makato tusiyoyaona.

Ukituma ofisa, namwomba aje wakati wa ukaguzi wa ndani badala ya siku ya mkutano mkuu. Atembee nami mashamba kadhaa, ajaze fomu mwenyewe, na nitampa yale ya jamaa zangu, ambayo mimi siruhusiwi kuyakagua.

Wako katika ushirika,
Mkulima wa kakao, Kyela