Gari ya kulala ilale kijijini, ufukweni iende matembezi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme machache juu ya safari za gari hapa Pemba. Siku hizi mke na mume hung'oa viti vya nyuma vya Noah au Hiace, wakatandika godoro, wakapanda meli bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani, wakazunguka kisiwa bila ya kukodi chumba. Ni safari nzuri na haichoshi. Pemba ina urefu wa kiasi cha kilomita 67, na kutoka Mkoani hadi Chake Chake, au Chake Chake hadi Wete, ni kama kilomita 30 tu. Tatizo ni kuwa wengi wanaiga picha za mitandaoni: gari imeegeshwa juu ya mchanga, mlango wa nyuma wazi, mawimbi hatua chache. Sisi kazi yetu ni kutengeneza vitanda hivyo na kuzifungua gari zikirudi. Tunasema wazi kuwa ufukweni si pahala pa kulaza gari. Pa kulaza ni kijijini, kwa idhini ya wenyewe.

Tuanze na maji. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika bahari yetu hukaribia mita 4. Siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Mgeni anafika Vumawimbi, ufukwe wa kaskazini ya kisiwa, jua linakuchwa, maji yanarudi nyuma, mchanga umekuwa mpana na mgumu, anaona kapata uwanja. Anapika, anakula, analala. Saa kumi ya alfajiri, naye yuko katikati ya usingizi, maji yako kwenye ringi. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, hali hugeuka, hujaa karibu na saa nne na hayapandi sana, lakini kwa kuwa kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, asiyewauliza wavuvi hupotewa na hesabu katikati ya wiki. Mtu asitazame mchanga uliorowa. Atazame mstari wa juu kabisa, wenye mwani mkavu na makumbi, ambao mara nyingi uko karibu na mizizi ya mivinje. Gari isishuke chini ya mstari huo hata kwa kunywa chai. Na juu ya mstari huo ndiko kasa anakopanda kutaga usiku; taa za gari humbabaisha.

Baada ya maji, mchanga. Noah nyingi zilizopo hapa huvuta kwa tairi mbili. Ikizama, dereva hukanyaga mafuta kwa hasira, tairi inajichimbia shimo na gari inalalia tumbo, na hapo hata vijana wanane wa kijiji hawaitoi. Dawa yake ni kuzima mashine na kushuka. Toa upepo wa tairi mpaka paundi 18. Fukua mchanga nyuma ya tairi zinazovuta na ule uliobana chini ya tumbo, tia mbao mbili za futi 4 au makuti mabichi, kisha rudi kinyumenyume kwa njia ile ile uliyoingilia, polepole, usukani ukiwa umenyooka. Mmoja aendeshe, mwenziwe asimame upande wa kioo cha dereva anapoonekana, si nyuma ya gari. Chini ya paundi 15 msiende, kwani mpira utachopoka kwenye ringi ukikata kona. Na upepo ujazwe tena kabla ya kushika lami, kwa sababu tairi laini ikienda mbio hupata moto na kupasuka ubavuni. Asiyekuwa na pampu yake ya kuchomeka kwenye gari basi asitoe upepo, na asiyetoa upepo asiingie mchangani.

Lakini kinachotuletea kazi nyingi kuliko yote hayo ni chumvi, na chumvi haimtishi mtu kwa sababu haionekani. Gari iliyolala usiku mmoja upande wa mashariki wakati wa kusi, upepo ukipiga moja kwa moja, huamka na utando wa chumvi kwenye vioo. Utando huo huo uko kwenye paipu za breki, kwenye waya wa hendibreki, kwenye mapezi ya rejeta na kwenye vichwa vya betri. Kuosha bodi kwa kitambaa hakusaidii. Kinachotakiwa ni maji matamu, lita 40 hivi, yamwagwe chini ya gari na ndani ya matao ya tairi siku ile ile, kabla chumvi haijakauka na kushika. Vichwa vya betri vipakwe grisi kabla ya safari. Wapo wanaopaka oili chafu chini ya chesisi, nasi hatuwakatazi, ila isiguse bushi wala mpira wowote, huvimba na kuoza, ukaja kulipa zaidi ya ulichookoa. Na usiku msivute hendibreki karibu na bahari. Brekishuu hushikana na dramu kwa kutu ya usiku mmoja na asubuhi tairi ya nyuma haizunguki. Mtu akilazimisha, bitana ya shuu hubanduka. Weka gia ya kwanza (au P kwa gari otomatiki) na jiwe nyuma ya tairi, yatosha.

Juu ya kitanda. Plaiwudi ya milimita 12 juu ya fremu ya mbao za mbili kwa mbili, na fito za kati kila sentimita 40, inabeba watu wawili bila ya kulalamika. Ya milimita 18 ni uzito wa bure. Kimo cha fremu kiwe sentimita 30: hapo dumu la lita 20 linaingia kwa kulazwa, na ukikaa juu ya godoro la inchi 4 kichwa hakigongi paa. Dumu la kulazwa huvuja kwenye kifuniko, hivyo kata kipande cha mfuko wa nailoni, kifunike mdomo, kisha kaza kifuniko juu yake. Maji yapangwe nyuma ya viti vya mbele, si mlangoni; uzito ukikaa nyuma kabisa pua ya gari hunyanyuka na usukani unakuwa mwepesi, jambo baya kwenye vilima vya huku. Kitanda kifungwe kwa bolti kwenye matundu yale yale ya viti vilivyotolewa. Kitanda kilichowekwa hivi hivi tu, dereva akishika breki ghafla, humfuata shingoni.

Jambo ambalo wateja hulipuuza ni matundu ya hewa katika ubao. Watu wawili wakilala kwenye gari iliyofungwa, jasho na pumzi hushuka ndani ya sponji na kukaa juu ya plaiwudi isiyopitisha hewa. Siku ya tatu godoro lina ukungu kwa chini. Toboa matundu ya inchi moja kila sentimita 20, ubao wote, na upake vanishi hasa kwenye ncha zilizokatwa, kwani plaiwudi huanza kubanduka hapo. Vioo viachwe wazi vidole viwili kila upande ili upepo upite, na kipande cha chandarua kishikwe na sumaku ndogo ndogo kwenye fremu ya mlango. Sumaku ni bora kuliko gundi, ambayo huyeyuka kwa jua la mchana.

Seredani (jiko la mkaa) isiingie ndani ya gari kwa hali yoyote, hata mvua inyeshe mawe, hata mkaa uwe umebaki majivu na moto wa punje moja. Mkaa unaofifia hutoa hewa yenye sumu isiyokuwa na harufu, mtu anasinzia na hazinduki. Mtungi wa gesi wa kilo 6 nao upikiwe nje, valvu ifungwe kwenye mtungi wenyewe na si kwenye jiko tu. Kabla ya kupakia mtungi uliza melini kama wanaukubali, au upate hukuhuku Pemba baada ya kushuka.

Kuhusu umeme, taa mbili za LED za wati 5 zikiwaka kwa muda wa saa kumi hula wati-saa 100, kiasi cha ampea-saa 8, na betri ya kawaida ya ampea-saa 50 haina shida nazo. Friji ndogo ya wati 45, ikifanya kazi nusu ya muda huo, hula kiasi cha ampea-saa 19. Jumlisha simu na feni, kisha kumbuka kuwa betri ya gari haitaki kushuka chini ya nusu. Asubuhi ya pili gari inasukumwa, na ya otomatiki hata kusukumwa haikubali. Friji iwe na betri yake, au tuishi kwa barafu kama zamani.

Maji matamu kwa watu wawili yahesabiwe lita 25 kwa siku: kunywa lita 6, kupika 4, na yaliyobaki ni udhu, chooni na kuoga kwa kopo. Madumu mawili ya lita 20 basi hayafiki siku mbili kamili. Usitegemee kila mfereji utakaoupita kuwa unatoka, na usichote kisimani bila ya kuuliza.

Wapo wanaotuuliza juu ya karavani ya kuvutwa, kama wanazoziona katika video za Australia, mke na mume wakiburura nyumba nzima kutoka mji hadi mji wa mashamba. Kule barabara ni pana na kila mji una kiwanja chenye umeme, bomba na choo. Hapa njia ya kushukia pwani ni ya gari moja, ukikutana na gari ya ng'ombe, mmoja wenu lazima arudi nyuma, na kurudi nyuma na trela kwenye kona ya mteremko ni kazi ya fundi. Isitoshe meli hulipisha kwa nafasi. Tunashauri mtu asiagize.

Vilima vya Pemba ni vifupi lakini vimesimama. Kushuka tumia gia ya pili (au L kwa otomatiki), usiegemee breki, kwani gari yenye kitanda, maji na watu wawili ina uzito ambao breki kuukuu hazikuuzoea. Njia za udongo mwekundu, kama zile za kuelekea ncha ya Kigomasha, msizijaribu masika, Machi hadi Mei. Ras Mkumbuu gari iachwe mbali na magofu na mwendo umaliziwe kwa miguu. Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume, panafikika kwa urahisi zaidi. Msimu wa karafuu, kuanzia Julai hivi, majamvi hutandikwa kando ya lami. Msiegeshe karibu, moshi na vumbi vyenu vinaingia kwenye mali ya mtu. Wala msipakie karafuu, hata pishi moja ya zawadi, bila ya kujua sheria yake. Gari hupekuliwa, na mnunuzi wa karafuu za wakulima ni ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar.

Na vivuli navyo visiwadanganye. Chini ya mnazi unaozaa pana nazi na makuti yanayoanguka bila ya taarifa, na mdoriani ni hatari zaidi. Chini ya mwembe ni salama, isipokuwa msimu wa maembe kwa sababu ya sisimizi. Mduara wa majivu kuzunguka kila tairi huwazuia mpaka mvua inyeshe.

Sasa kijijini. Mgeni afike kabla ya magharibi na aulize nyumba ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji (shehia), ambaye ndiye anayeandikisha wageni wa shehia yake. Apige hodi, atoe vitambulisho na kivuli cha cheti cha ndoa bila ya kungoja kuombwa, aseme analala masiku mangapi. Mara nyingi ataoneshwa uwanja karibu na skuli au nyumba yenye choo. Wanaoruka hatua hii hugongewa kioo usiku wa manane na polisi jamii, na hawana haki ya kununa. Mwanamke avae kwa staha ya mahali, na mwezi wa Ramadhani msipike nje mchana.

Ombi letu ni kwa mabaraza ya miji ya Mkoani, Chake Chake na Wete, na kwa halmashauri ya Micheweni. Kila wilaya itenge kiwanja kimoja cha gari hizi: ardhi iliyosawazishwa na kumwagwa kokoto, isiyokuwa na minazi, lango la mita 3, mfereji mmoja wenye tangi la akiba, vyoo viwili, pahala pa kuoshea chini ya gari penye shimo la kunyonya maji, na mlinzi mwenye daftari ambalo sheha atalipata kila jioni. Ada ndogo ya usiku mmoja itamlipa mlinzi. Tungeomba Micheweni waanze, kwa sababu anayechwewa upande wa Makangale, katika wilaya hiyo, leo hana kiwanja kama hicho cha kuoneshwa, na mchanga wa Vumawimbi uko karibu.

Mafundi gari na maseremala,
Machomanne, Chake Chake,
Pemba.